NYUMBANI MWETU: Kikombe cha Bibi na Mlo wa Umuganura

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Agosti imekaribia, na katika nyumba nyingi za hapa Gisenyi mazungumzo ni yale yale: mtama utanunuliwa siku gani, maziwa yatatoka kwa nani, na je, baba atapata ruhusa ya kuja kula Umuganura nyumbani au atakuwa zamu? Majuma haya nimepokea barua kadhaa zinazohusu chakula cha sikukuu. Moja imenikaa moyoni kuliko zote, nami nimeona niijibu hapa, maana naamini kwamba swali lake si la nyumba moja.

Barua hiyo imetoka kwa mke wa askari polisi anayekaa upande wa Nyamyumba. Anasema kwamba marehemu mama mkwe wake alimwachia sahani sita za kauri zenye maua ya buluu, zilizonunuliwa Goma zamani, pamoja na inkongoro moja, yaani kile kikombe cha mti cha kunywea maziwa. Vyote vimefungwa ndani ya kitenge na kuwekwa juu ya kabati tangu siku za matanga. Mwaka jana alitaka kuvitoa kwa ajili ya Umuganura, lakini mumewe akakataa. Alisema, "Watoto watavunja, na mama hatarudi kuninunulia vingine." Tangu hapo jambo hilo limekuwa mwiba mdogo kati yao. Anauliza: nani mwenye haki?

Nitasema wazi. Mume anayo sababu, lakini mke ndiye mwenye haki. Na kabla sijaeleza kwa nini, sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nami nilifanya kama alivyofanya bwana huyo, na hasara niliyoipata haiwezi kurudishwa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu tulipelekwa Huye kutazama Makumbusho ya Ethnografia, yale yaliyofunguliwa mwaka 1989. Huko nyuma ya vioo niliviona vyombo vya wazee wetu vimepangwa kwa utaratibu: icyansi cha kukamulia na kuhifadhia maziwa, kifuniko chake kilichosukwa kama pia ambacho huitwa umutemeri, kibuyu cha kusukasuka maziwa, imbehe za kulia chakula, na inkongoro za kila namna. Nilisimama pale nikashtuka, maana bibi yangu mzaa mama alikuwa na inkongoro kama zile nyumbani kwake Kanama, naye alikuwa akiitumia kila jioni bila kufikiri kwamba ni kitu cha kuwekwa nyuma ya kioo.

Likizo ilipofika nikaenda kumwomba anipe. Nilidhani ninaiokoa. Bibi hakunikatalia, aliiosha, akaikausha, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema, "Mjukuu wangu, hii ni ya kunywewa." Nami nikaifunga ndani ya magazeti nikaitia sandukuni. Nikaajiriwa, nikahamishwa, nikaolewa, nikahama nyumba za kupanga mara tatu, na sanduku likahama pamoja nami. Mwaka 2019 bibi alifariki.

Siku moja binti yangu, wakati ule akiwa na umri wa miaka saba, alikuwa akitafuta daftari lake akalifungua sanduku lile. Alinijia na ile inkongoro mkononi. "Mama, hiki ni cha kuwekea kalamu?" Nikamweleza. Basi akaanza kuuliza kama watoto waulizavyo: nani alikichonga? Bibi alikipata kwa nani? Mbona kina alama hizi karibu na mdomo, na hapa chini pameungua? Sikuwa na jibu hata la swali moja. Nikampigia simu mjomba, naye akaniambia nimwulize mama mdogo. Mama mdogo akacheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Hayo aliyajua mama mwenyewe."

Chombo kile hakina hata ufa. Nilikitunza vizuri sana. Lakini miaka yote ile bibi alipokuwa hai, akija kwangu sikukuu ya Noeli na ya Umuganura, nilimpa maziwa katika glasi ya kioo kwa sababu niliona ndiyo heshima, na inkongoro yake ikiwa chumba cha pili ndani ya sanduku. Lau kama ningaliiweka mezani mara moja tu, angaliyasema yote bila kuulizwa.

Kwa hiyo nikirudi kwa mwandishi wa barua: hofu ya mumewe ni kwamba vyombo vitavunjika. Nadhani anadanganywa na kabati. Sisi watu wa Rubavu tunajua zaidi ya wengine kwamba kabati halilindi kitu. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalitikisa mji huu siku kwa siku na kupasua nyumba nyingi. Kwangu kabati la vyombo lilianguka kifudifudi usiku, na sahani zangu za harusi, ambazo hazikuwahi kuliwa na mgeni hata mmoja, zikavunjika nane kwa pigo moja. Nilizifagia asubuhi nikiwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa kuvunjika kwake. Ulikuwa wa kutotumika kwake.

Tena, desturi ya wazee wetu haikuwa ya kuficha. Ndani ya nyumba ya zamani palikuwa na uruhimbi, ukingo ulioinuliwa wa kupangia vyombo vya maziwa, na kila aliyeingia aliviona. Vilioshwa, vikafukizwa moshi wa majani yenye harufu nzuri, vikafunikwa. Mtoto alijifunza adabu kwa kuvishika: kwamba maziwa hayanywewi kwa kusimama, kwamba chombo hupokelewa kwa mikono miwili, kwamba hakiachwi chini penye kupita miguu. Mwenye nafasi ya kufika Nyanza aone nyumba ya maziwa iliyojengwa nyuma ya ile ya mfalme. Kazi ya kuitunza alipewa msichana asiyeolewa, na haikuwa kazi ndogo. Hata ndugu zetu wa pwani walifanya hivyo kwa namna yao. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 kuta zilijengwa zikiwa na zidaka, yaani vishubaka vidogo vidogo vilivyopambwa kwa chokaa, na ndani yake zikawekwa kaure zilizosafirishwa kutoka China, ili mgeni azione akiwa ameketi. Kila mahali chombo cha thamani kilikaa mbele ya macho. Kabati lenye kufuli na kitenge chenye fundo ni mambo tuliyoyazua sisi wa juzi, pengine kwa sababu ya kuhamahama.

Wapo watakaosema kwamba Umuganura wenyewe ni sikukuu ya serikali, haina haja ya vyombo vya nyumbani. Hapana. Umuganura ni wa kale kuliko ofisi zote ninazozijua. Mavuno ya mtama na ulezi yalipokuwa tayari, yalipelekwa kwa mfalme kwa taratibu ndefu, naye akayaonja kwanza. Kisha kila nyumba ikawa na Umuganura wake, wazazi na watoto wakila mazao mapya pamoja. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulimkamata Gashamura, aliyekuwa mkuu wa walinzi wa ibada hiyo ya mfalme, akapelekwa uhamishoni Burundi, na sherehe ya ikulu ikakatizwa. Ilirudishwa kuwa sherehe ya taifa mwaka 2011. Hesabu ni miaka 86. Muda wote huo palibaki nini? Palibaki akina bibi waliopika ugali wa mtama mpya katika nyumba zao na kuwapa wajukuu maziwa. Sherehe ilikuwa imeondolewa ikulu, lakini haikuweza kuondolewa jikoni.

Sasa nifike kwenye jambo zito kidogo, kwa maana najua miongoni mwa wasomaji wangu wako ambao hadi hapa wamesoma wakitabasamu kwa huzuni. Hawana sahani ya mama wala kikombe cha bibi. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 nyumba zilichomwa baada ya kuporwa, na aliyebaki hai alibaki na nguo aliyovaa. Wengine walizaliwa ukimbizini Uganda, Congo, Burundi au Tanzania, kwa wazazi waliovuka mpaka wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na sufuria ile ilichakaa zamani. Kumwambia mtu kama huyo habari za vyombo vya urithi bila kufikiri ni kama kumwuliza yatima habari za mahari ya mama yake. Kwa ajili yao nitasimulia habari mbili ninazozijua mwenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha mpaka mto Sebeya ukaacha njia yake. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Rafiki yangu mmoja, ambaye mumewe ni mwanajeshi na wakati huo alikuwa kazini nje ya nchi, alitoka nyumbani kwake Rugerero na watoto wanne, wa mwisho akiwa amebebwa. Kulipokucha nyumba ilikuwa imejaa matope hadi madirishani. Pamoja na vitu vingine alipoteza icyansi na inkongoro mbili za mama yake. Alichimba matope siku tatu akapata kifuniko tu, nacho kimeoza.

Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule ilikuwa Umuganura. Nilikwenda kumtazama katika chumba alichopangishwa, nikiwa nimechukua kilo mbili za unga wa mtama. Nikakuta wameketi mkekani kwa mstari, mdogo akiwa wa kwanza. Mama yao alikuwa na kikombe cha plastiki cha rangi ya kijani, kile cha kuogea watoto, kimesuguliwa kwa majivu mpaka kimeng'aa. Akamimina maziwa, akayapokeza kwa mikono miwili, na mtoto akapokea kwa mikono miwili, akanywa akiwa ameketi, akampa anayemfuata. Kisha yule mkubwa, mvulana wa darasa la sita, akasimulia kwamba inkongoro waliyozoea kunywea ilichongwa kwa ajili ya harusi ya nyanya yao, kwamba ilikuwa na ufa uliozibwa kwa nta, na kwamba ufa huo ulitokea siku alipozaliwa mjomba wao kwa sababu ya furaha ya watu kugombania kunywa. Kama habari ya ufa ni ya kweli sijui, na mama yao mwenyewe alicheka aliposikia. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimenyamaza. Mimi nilikuwa na chombo kizima ambacho sikuweza kukisemea neno, na mtoto yule alikuwa na maneno yote ya chombo kilicholala ziwani Kivu.

Habari ya pili ni fupi. Koplo mmoja ambaye hakupata kuwajua wazazi wake alioa akiwa hana hata kijiko cha ukoo. Alikuwa na mestini yake, kile chombo cha bati anacholia askari awapo safarini, kimebonyea upande mmoja. Mke wake alitaka kukitupa. Yeye akamwomba kikae, na tangu mtoto wao wa kwanza alipoanza kula, kila Umuganura tonge la kwanza la ugali hutolewa ndani ya mestini hiyo, naye huwaeleza wanawe ni wapi kilibonyea na nani alikuwa karibu yake siku hiyo. Sasa wana watoto watatu, na juzi niliambiwa kwamba wameanza kugombana nani atakirithi.

Basi dada yangu wa Nyamyumba, na wewe afande unayesoma juu ya bega lake, nawashauri hivi. Msitoe vyote mwaka huu. Toeni inkongoro na sahani moja. Tano zilizobaki zikae, roho ya baba itulie. Sahani moja ikivunjika, mtakuwa na tano na kisa cha kusimulia.

Inkongoro iliyokaa sana bila kutumiwa isitiwe maziwa moja kwa moja. Ifuteni vumbi, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, bila sabuni ya unga, kwa maana mti hunywa sabuni na kuirudisha ndani ya maziwa. Isilowekwe wala isiwekwe juani, itapasuka. Ikauke kivulini siku mbili, kisha ipakwe siagi kidogo ndani na nje na kupanguswa. Ikiwa ina ukungu mweusi uliozama ndani, hapo itakuwa ya kuonyesha tu, msiinywee. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yamiminwe. Najua wazee walikunywa mabichi, lakini maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela na hata kifua kikuu, na ng'ombe wa Girinka wa jirani hatukasirikii tukiyachemsha.

Kwa sahani za kauri za zamani kuna tahadhari ambayo akina mama wengi hawaijui. Rangi na ile ngozi yake ya kung'aa huenda ikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito, nayo hutoka upesi chakula kikiwa kichachu. Kwa hiyo msiweke humo mchuzi wa nyanya, wala ndimu, wala mtindi, wala msilaze chakula ndani yake. Viazi vya kuchemsha au ugali wa mtama, kwa muda wa mlo, vinatosha, na sahani iliyomeguka ngozi isiliwe kabisa.

Chakula chenyewe kisiwasumbue. Ugali wa mtama, au wa ulezi kwa atakayeupata, maharage, kisamvu, viazi vyetu vya udongo wa volkano, na kwa sisi wa ziwani, isambaza waliokaangwa wakakauka. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema kwamba isambaza si chakula cha Umuganura kwa kuwa ni kigeni. Ni kweli kwamba dagaa hao waliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950, hata kiwanda cha bia cha hapa mjini kiliwatangulia. Lakini wajukuu wa mzee huyo hawajui sikukuu isiyo na harufu ya isambaza, na nani atawaambia kwamba si yao?

Nyumba ambayo baba yuko zamu, isiahirishe. Mfungulieni mlo kwa wakati wake, mumwekee fungu lake ndani ya chombo kile kile, na atakaporudi, iwe usiku au kesho yake, mtoto mmojawapo amkabidhi kwa mikono miwili. Wako wanaume niliowasikia wakisema kwamba fungu hilo lililopoa ni tamu kuliko la moto.

Nina ombi moja kwa afande. Sahani zile ni za mama yako, wala si za mama wa mkeo. Yeye anajua tu kwamba zilinunuliwa Goma. Wewe ndiwe unayejua, au unayeweza kumwuliza shangazi yako kabla ya Ijumaa, zilinunuliwa kwa fedha gani, mwaka gani, na mama alivuka nazo mpakani namna gani bila kuzivunja. Ukishaketi na watoto, sema. Ukisahau kitu, usione haya. Sema kwamba hukijui, na mwaka ujao utakuwa umekitafuta.

Kwangu mimi tutakuwa watu saba. Inkongoro ya bibi imekwisha kupakwa siagi, iko dirishani kivulini. Binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa wa kutosha kushika kalamu vizuri, ameandika kwenye karatasi yale machache tuliyofaulu kuyakusanya: kwamba ilikuwa ya bibi wa Kanama, kwamba aliitumia kila jioni, na kwamba alisema ni ya kunywewa. Chini yake ameacha mistari mitupu. Mama mdogo atakuja kutoka Musanze kwa basi la asubuhi, naye ameniambia kwenye simu kwamba ameanza kukumbuka jambo kuhusu ule mwunguzo wa chini, lakini hataki kulisema mpaka aishike mkononi.